Karani Aliyeniita Kumi na Saba

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Miaka yote niliyotengeneza baiskeli pale soko la Thika, aliniita Kumi na Saba, kwa sababu hiyo ndiyo namba iliyopakwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa kibanda changu. Jirani yangu Mama Nyambura, aliyeuza ndizi na maharagwe, alikuwa Kumi na Sita. Mchinjaji alikuwa Mbili. Sisi nasi hatukumwita kwa jina. Alikuwa Karani, basi. Nadhani jina lake lilikuwa kwenye barua zilizobandikwa ubaoni ofisini kwake, lakini ubao ule ulijaa vumbi na hakuna aliyekwenda kuusoma.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa watu gani, maana sikumwuliza. Alikaa mtaa wa Majengo. Alivaa kofia nyeupe ya kitambaa na koti la kijivu lililomzidi urefu, na Ijumaa adhuhuri alifunga ofisi akaenda msikitini, akarudi kabla ya alasiri. Hayo kila mtu aliyaona. Mengine niliyaokota moja moja, kama mtu anayetafuta gololi za ekseli zilizomwagika mchangani, na najua ziko ambazo sikuziona.

Kazi yake ilikuwa kufungua lango na kulifunga, kukusanya kodi ya vibanda kila mwezi, kuwauzia tikiti wale waliotandaza magunia chini, na kuangalia kwamba hakuna anayemla mwenzake mpaka. Hii ya mpaka ndiyo aliyoipenda. Alikuwa na kamba ya mkonge yenye mafundo, na asubuhi asubuhi ungemwona ameinama, anapima upana wa magunia ya akina mama. Nyanya ikivuka mstari aliirudisha kwa ncha ya fimbo, polepole sana, isipasuke. Wanawake walimkasirikia kwa ajili ya fimbo ile. Mimi nilitazama jinsi alivyoisukuma nyanya, nikaona kwamba mtu asiyejali angeipiga teke.

"Karani, hiyo nyanya ni ya mtoto wa dada yangu," mmoja alimwambia siku moja. "Imemfuata tu shangazi yake."

"Soko halina shemeji wala shangazi," akajibu, na kamba ikaendelea mbele.

Hilo lilikuwa neno lake. Soko halina shemeji. Alilisema kwa wakubwa na wadogo. Alilisema hata kwa askari wa mji aliyetaka kuku wa bure.

Mchinjaji, ambaye alikuwa mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa, alijaribu kumzoea. Aliwahi kumfungia maini katika jani la mgomba akamwekea juu ya meza ya ofisi. Karani alilichukua lile jani, akalibeba mpaka kibanda namba mbili, akaliweka kwenye mizani.

"Pima," akasema.

"Karani, hiyo ni zawadi, bwana."

"Basi nipimie zawadi."

Mchinjaji alipima. Karani alilipa mpaka senti ya mwisho, akaenda zake na maini yake. Wiki nzima soko lilicheka. Mtu akipewa ugoro na mwenzake alisema, "Nipimie zawadi." Karani alisikia, na nadhani aliona raha kidogo, kwa sababu alipopita karibu yangu alikuwa amebana midomo kama mtu aliyebeba maji mdomoni.

Zaidi ya hapo sikumwona akicheka. Chakula cha mchana alikula peke yake nyuma ya nyumba ya mizani, juu ya kreti iliyopinduliwa, ametupa mgongo. Sisi tulikula pamoja. Mama Nyambura alileta irio katika sufuria na kila aliyekuwa karibu alichovya mkono, hata mimi ambaye sikuwa na cha kuleta. Alikuwa akinisukumia sehemu yenye mahindi mengi na kusema, "Kula, kamwana, wewe hata ukizungumza hatusikii, basi angalau tukuone." Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kumwita Karani aje ale. Mimi nilifikiri kumwita. Nililifikiri jambo hilo siku nyingi, mpaka likawa limechelewa.

Alikuwa pia na ugomvi na ndimi zetu. Sisi watu wa huku herufi ya ra na ya la hutuchanganyikia mdomoni. Mtu akija na kusema, "Karani, nimekuja kuripa kodi," alikaa kimya, mkono juu ya kitabu cha risiti, mpaka yule mtu alipojirudi na kusema kulipa. Wengine hawakujirudi. Basi wangekaa hivyo, wawili wakitazamana, foleni ikirefuka mpaka nje, hadi Karani achoke aandike. Watu walisema anajivuna. Lakini nilimsikia mara moja akiwa peke yake ofisini, anarudia kwa sauti ndogo maneno matatu ya Kikuyu ambayo Mama Nyambura alimwamkia nayo asubuhi ile. Aliyarudia kama mtoto wa shule, na aliyakosea.

Nyumbani kwake nilifika mara moja tu. Baiskeli ya ofisi aliyoipanda ilikatika mnyororo huko Majengo, na akatuma mtu aniite. Kilikuwa chumba kimoja, kimefagiwa, kitanda kimetandikwa kama cha hospitali. Nilitengeneza mnyororo mlangoni. Nilipomaliza alikuwa ameshapika chai, akaniwekea kikombe juu ya kiti. Nilikishika kwa mikono miwili. Sikujua kama ninywe kwanza au nimshukuru kwanza, na kadiri nilivyofikiri ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu, mpaka chai ikaota utando.

"Kunywa, Kumi na Saba," akasema. "Chai ya hapa haina kodi."

Nilikunywa yote kwa pumzi moja. Kisha tukakaa. Hakuna aliyesema neno, na ajabu ni kwamba haikunichosha. Nilipoondoka alinilipa kazi ya mnyororo, akadai nimwandikie risiti. Nilikuwa na penseli. Alisimama kando akiangalia mkono wangu ukijikokota, hakunikimbiza, hakunipokonya. Mwisho akasema, "Umesoma mpaka wapi?" Nikamwambia darasa la nne. Akaitikia kwa kichwa, akaikunja ile risiti mara mbili na kuitia katika koti.

Basi ndivyo alivyojua kwamba naweza kusoma.

Kisha zikaja siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya wazungu, na soko likaanza kufa. Halikufa kwa siku moja. Kwanza wanaume walipungua, maana walichukuliwa kwa malori. Halafu akina mama wa ng'ambo ya mto Chania waliokuwa wakileta ndizi na viazi wakazuiwa darajani, kwa kuwa bila pasi hakuna kuvuka. Halafu vibarua wa mkonge na wa kahawa, ambao ndio waliokuwa wakinunua, wakakatazwa kutoka mashambani ila kwa ruhusa. Mkungu mmoja ukaiva mpaka ukawa mweusi juu ya meza ya Mama Nyambura. Baiskeli zenyewe zilipotea barabarani. Kuna siku nilizokaa toka asubuhi mpaka jioni nikiwa nimeziba pancha moja tu, na ilikuwa ya askari ambaye hakulipa. Ungeweza kusikia maporomoko ya mto kutoka sokoni, kitu ambacho zamani hakikuwezekana kwa kelele za watu.

Lakini mwezi uliisha vile vile, na kodi ilidaiwa vile vile. Karani alipita kibanda kwa kibanda na kitabu chake. Aliyekuwa nacho alitoa. Asiyekuwa nacho aliandikwa. Hatukumpenda siku hizo. Tena yeye, kwa kuwa hakuwa mtu wetu, hakusumbuliwa na pasi. Alivuka daraja akitaka, alirudi akitaka, na kila alipopita watu walinyamaza mpaka apite.

Mambo aliyokuwa akiyafanya Ijumaa baada ya swala hatukuyajua. Mimi niliyajua kwa bahati, kwa sababu niliitwa kujaza upepo baiskeli ya mzungu wa ofisi ya mji, na dirisha lilikuwa wazi. Karani alikuwa amesimama mbele ya meza, kofia mkononi. Alikuwa akisema kwamba kibanda kilichofungwa hakilipi kitu na paa lake linaoza, bali kibanda chenye mwenyewe kinafagiwa na kutunzwa hata kama hakilipi. Alisema wale watu hawakukataa kulipa; wateja wao wamezuiliwa njiani. Yule mzungu alimwambia kwamba ameshayasikia hayo Ijumaa iliyopita. Karani akasema, "Ndiyo, Bwana, na Ijumaa ijayo nitakuja tena." Sauti yake ilitetemeka. Sikudhani kwamba mtu mwenye fimbo anaweza kutetemeka.

Alikwenda Ijumaa nyingi. Mwisho wakamkubalia.

Asubuhi moja aligonga kile kipande cha reli kilichoning'inia langoni, akatuita wote. Alikuwa amepiga pasi koti. Alisimama juu ya kreti yake na karatasi mkononi, akatusomea. Ilisema kwamba kodi yote ya miezi iliyopita ambayo haikulipwa itafutwa, na ya miezi ijayo itakuwa nusu mpaka biashara irudi. Kila mwenye kibanda aje atie sahihi au kidole gumba kabla ya mwezi kwisha. Asiyetia, deni lake litabaki, na kibanda chake kitafungwa kwa kufuli ya ofisi.

Nilimtazama usoni. Alikuwa kama mtu aliyeleta harusini mbuzi aliyemlea mwenyewe, anangoja wenyeji waseme neno.

 Ndipo mchinjaji akakohoa.

"Tangu lini paka akamgawia panya unga?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha woga.

"Si unga," Karani akasema. "Ni kodi. Inafutwa."

"Na kidole ni cha nini? Kama unanisamehe, nisamehe tu. Mbona unataka kidole changu?"

"Ni ushahidi kwamba umekubali."

"Haya! Mmesikia? Kukubali!" Mchinjaji akageuka nyuma kwetu. "Kukubali nini, Karani?"

Mama Nyambura alikuwa amekunja mikono kifuani. Hakuwa mtu wa kelele. Alisema, "Baba yangu aliweka kidole kwenye karatasi ya mzungu wa kahawa. Aliambiwa ni ya mshahara. Kumbe alikuwa amekubali kwamba pale alipojenga si kwake. Sisi tulifukuzwa na sufuria zikiwa motoni. Mimi kidole changu kimeshakwenda kwenye kipande, hicho kitambulisho chao, kwa nguvu. Cha kupenda sitoi."

Wengi wakaitikia. Kila mmoja pale alikuwa na baba au mjomba aliyeweka kidole. Na siku zile karatasi ilikuwa kitu cha kuogopwa kuliko bunduki, maana bunduki unaiona imeelekea wapi.

Karani alishuka kwenye kreti. Akamnyoshea Mama Nyambura ile karatasi. "Sikiliza, Kumi na Sita. Mpe mtu unayemwamini akusomee."

Mama Nyambura akanigeukia mimi.

"Huyu amesoma," akasema. "Haya, mwanangu. Inasema nini?"

Nikapewa karatasi. Nikaisoma toka juu mpaka chini. Ilikuwa ya Kiswahili, imepigwa chapa, na maneno yake yalikuwa yale yale aliyoyasema Karani. Hakuna neno lililozidi, hakuna lililopungua. Sikuhitaji hata kurudia mstari. Nilikuwa na la kusema, nalo lilikuwa fupi: ni kweli, wekeni vidole. Lakini nilipoinua macho niliona soko lote linanitazama. Mchinjaji, akina mama wa nyanya, Mkamba wa vikapu, watoto waliobebwa mgongoni.  Ulimi ulilala chini kama kitu kisicho changu. Tena nikawaza: na kama siku moja likitokea baya, si watasema ni yule kijana aliyetusomea?

Nikasema, "Maneno ni magumu."

Sikusema uongo mwingine wowote. Ni hayo tu.

"Haiya!" mchinjaji akapiga makofi. "Hata msomi yamemshinda! Karatasi ya haki huwa na maneno magumu?"

Mama Nyambura alinitoa karatasi mkononi, kwa upole, akamrudishia Karani. "Umemsikia mtoto," akasema. Watu wakatawanyika kwenye vibanda vyao. Karani alibaki amesimama. Hakunikasirikia, hakunitazama hata. Alikuwa akiipapasa ile karatasi mahali ilipokunjwa na vidole vyangu, akiinyosha.

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Kila asubuhi aliweka meza ndogo nje ya ofisi, karatasi juu yake, kidau cha wino na kitambaa safi cha kufutia vidole. Kitambaa kile alikifua mwenyewe kila jioni ingawa hakikuchafuka. Aliacha kupima mipaka. Nyanya zilivuka mstari akazipita. Alimwendea mmoja mmoja na kusema naye taratibu, na kwa kuwa hakuwa amezoea kusema taratibu, watu walizidi kumwogopa. "Ameanza kutubembeleza," walisema. "Kuna kitu." Mtu asiyepokea hata ini la bure, mbona leo anatoa bure? Ule ukali wake wa miaka mingi, ambao ungepaswa kuwa shahidi wake, ukawa ndio unaomshitaki.

Siku ya nane alikuja kwangu. Nilikuwa nimelala chini ya baiskeli nikikaza spoki. Aliona viatu vyangu tu.

"Kumi na Saba."

"Naam, Mzee."

"Ukitia sahihi wewe mchana, mbele yao, watakuja. Sikuombi useme kitu. Uandike tu."

Nilisema, "Kesho, Mzee."

"Kesho," akasema. Viatu vyake vikabaki pale kidogo, halafu vikaondoka.

Kesho yake sikwenda. Niliona meza, niliona wenzangu wamekaa milangoni wakiitazama kama mtego wa panya, nikafikiria jinsi mkono wangu unavyojikokota, herufi moja, herufi nyingine, soko zima likihesabu. Siku ya kumi, lango lilipokwisha kufungwa na wote wameondoka kuwahi amri ya kutotembea usiku, nilijificha nyuma ya nyumba ya mizani, kisha nikaingia ofisini. Karani alikuwa akikusanya wino wake. Nilichukua kalamu nikaandika jina langu. Ilichukua muda. Hakuna aliyekuwa akiangalia isipokuwa yeye, na yeye aligeukia dirishani.

Nilipomaliza aliikausha sahihi kwa karatasi ya kunyonya wino. Niliona pale juu majina mengine mawili tu: Mkamba wa vikapu, na mzee mmoja wa Majengo aliyeuza ubani na tambuu.

"Haya," akasema. "Nenda upesi, wasikukamate njiani."

Hivyo mimi niliokoa kibanda changu. Nalisema waziwazi, kwa sababu mtu angeweza kusoma mpaka hapa akadhani nami nilifukuzwa pamoja na wenzangu.

Kufuli zilikuja siku ya kwanza ya mwezi, zimo ndani ya gunia. Ofisi ilileta askari wawili, lakini Karani ndiye aliyezifunga kwa mkono wake, maana hiyo nayo ilikuwa kazi yake. Alianza namba moja. Mchinjaji alitukana kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, akabeba mizani yake akaenda. Namba kumi na sita Karani alingoja Mama Nyambura atoe vitu vyake vyote: meza, vikapu, sufuria ya irio, benchi lililokuwa na mguu mmoja mfupi. Benchi lilimponyoka. Karani akainama akamsaidia kulinyanyua.

"Usiguse," akasema Mama Nyambura. Kisha akamwambia, si kwa kelele, "Nilisema mimi. Kama ningeweka kidole ungenifukuza jana. Sikuweka, umenifukuza leo. Lakini leo naondoka na kidole changu."

Karani alifungua mdomo. Nilidhani atamweleza. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka hapo, mlangoni kwangu, chini ya namba yangu, spana mkononi, na mlango wangu hauna kufuli. Mama Nyambura alinitazama na mlango wangu, akadhani bado hawajafika kwangu. "Toa vitu vyako mapema, mwanangu," akaniambia. "Wasikuvunjie."

Karani alifunga mdomo. Akafunga kufuli. Akapita mbele ya kibanda changu bila kusimama.

Baada ya hapo hakukaa hata msimu mmoja. Soko la vibanda vitatu halihitaji karani, ofisi ya mji ikasema, na wakamwachisha kazi. Siku ya mwisho alifagia toka langoni mpaka kisimani, akaniachia ufunguo wa nyumba ya mizani nimpe atakayekuja. Hatukuagana kwa maneno. Baadaye biashara ilianza kurudi kidogo kidogo, vibanda vikapata wenyewe wengine, watu nisiowajua, na hao ndio walioweka kidole bila kuambiwa mara mbili, wakalipa nusu kodi.

Miaka ilipita. Mwaka huu nilikwenda Ruiru kutafuta tairi katika duka la Mhindi mmoja, maana Thika zilikuwa zimekwisha. Nikikata njia kupitia kisoko kidogo karibu na stesheni, nilimwona. Amekaa nje ya ua wa soko, chini, mbele yake debe la mafuta ya taa, faneli na kopo la kupimia. Koti lilikuwa lile lile. Mtoza ushuru, kijana mwenye suruali fupi, alikuwa amemsimamia.

"Wewe mzee, debe limeingia njiani. Sogeza."

Karani alilisogeza. Alilipa, akapokea tikiti, akasema, "Asante, Bwana Karani." Yule kijana hakuitikia.

Nilimwamkia. Aliniangalia kwa muda, akanitambua, akapangusa jiwe lililokuwa kando yake. Nikaketi. Tulikaa kama tulivyokaa siku ile ya chai, lakini safari hii kimya kilinichosha. Alikuja mtoto na chupa, akapimiwa, akaenda. Nikasema jambo nililokuwa nimelibeba, nalo lilitoka ovyo, mwisho wake mbele.

"Yalikuwa mepesi, Mzee. Yale maneno. Niliyasoma yote. Nilijua ni kweli."

Hakushtuka. "Najua," akasema. "Nilikuwa naangalia macho yako. Yalifika chini ya karatasi, hayakurudi juu. Mtu ambaye maneno yamemshinda hurudi juu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mtoto anadanganya? Wangesema namtisha." Alikuwa akifuta mdomo wa faneli kwa kidole. "Tena nilifikiri utasema mwenyewe. Nilikupa siku kumi. Baadaye, siku ya kufuli, nikakupa na nyingine."

Nikamwambia nasikitika. Nikamwambia kwamba sijalala vizuri. Nikamwambia anisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, na ule ukali wa zamani ukamrudia usoni, "Sasa unaniletea mimi ya nini? Mimi nilikuwa najua. Kumi na Sita ndiye asiyejua. Mpaka leo anadhani aliponea chupuchupu."

Akaweka faneli juu ya debe.

"Anakaa Kalimoni," akasema. "Analimia watu kahawa. Nilimwona akishuka kwenye basi mwaka juzi, amebeba kuni. Nilimwamkia kwa Kikuyu. Akavuka barabara." Akaangalia jua. "Basi la saa tisa linapita huko. Shuka palipo na kanisa la mabati, uliza. Watamjua."

"Leo, Mzee?"

"Kwani tairi itaoza?"

Nilisimama.  Wateja wawili walikuwa wamefika, wameshika chupa zao, naye alikwisha kuinama juu ya debe. Nilikuwa nimefika barabarani, basi linaonekana kwa vumbi lake, niliposikia ananiita. Alikuwa amesimama na kopo mkononi, mafuta yanadondoka.

"Ukifika," akasema, "usimwambie kwamba ni mimi niliyekutuma. Atadhani ni karatasi nyingine."